Kabila, Ukoo na Rika: Istilahi za Kulinganisha Jamii za Watu

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu maneno machache ambayo Kiswahili huyatumia kila inapotubidi kulinganisha jamii moja ya watu na nyingine: kabila, taifa, ukoo, rika, ustaarabu, utamaduni, ujima na ukabaila. Mtu akiyatazama kwa haraka ataona kuwa ni maneno ya kawaida, yasiyohitaji kikao wala kamati. Lakini mwenye kazi ya kusanifu istilahi hujifunza mapema kwamba neno geni huchunguzwa na kila mtu, ilhali neno la kawaida hupita mlangoni bila kuulizwa.

Sisi tulifunzwa jambo hilo kule Njiro, upande wa kusini-mashariki wa mji wa Arusha, tulipokuwa tukikusanya msamiati wa koo na marika. Tulikuwa na fomu yenye safu tano, na safu ya pili iliandikwa "Kabila". Tulifika nyumbani kwa mzee mmoja, tukamwamkia, akatuitikia na kutukaribisha chini ya mgomba. Tulipomwuliza kabila lake alijibu pasipo kusita: "Mimi ni Seuri." Kijana aliyekuwa akituandikia akajaza neno hilo katika safu ya pili, akaendelea. Ilikuwa jioni, tulipokuwa tukizipitia karatasi, ndipo tulipong'amua kuwa Seuri si kabila hata kidogo, ni rika. Mzee alikuwa amejibu swali aliloliona kuwa ndilo la maana, si lile tulilomwuliza. Mkewe naye alikuwa ametujibu kwa swali: "Kabila lipi, wanangu? La kuzaliwa au la kuolewa?" Alizaliwa Umeruni, akaolewa Uarushani, na wanawe ni Waarusha. Katika safu yake kijana wetu alikuwa ameacha pengo.

Kosa halikuwa la mzee wala la bibi. Lilikuwa la fomu, na fomu tuliiandika sisi. Hoja ya makala haya ni moja tu: istilahi ya kulinganishia jamii isiwe imekwisha kutoa jibu kabla ya ulinganishi kuanza. Tutaieleza hoja hiyo kwa mfano wa Mlima Meru na jirani zake, kisha tutatoa mapendekezo.

2. Maneno tuliyoyarithi

Kulinganisha jamii za watu ni kazi ya zamani. Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika Muqaddima yake mwaka 1377, na humo aliwalinganisha watu wa majangwani na watu wa mijini, akichunguza jinsi mshikamano wa ukoo unavyozaa dola na jinsi raha za mjini zinavyoudhoofisha mshikamano huo. Katika pwani yetu pia ulinganishi ulikuwapo tangu zamani, nao umeacha alama katika msamiati. Kitenzi "kustaarabu" kimetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuwa kama Mwarabu. Neno "utamaduni" lina asili moja na "madina", yaani mji. Kinyume cha hayo palikuwa na neno "ushenzi", alilobandikwa mtu wa bara asiyekuwa na mji, dini wala mavazi ya pwani.

Hatusemi hivyo kwa ajili ya kuyatupa maneno haya. Lugha haifui nguo kwa kuichoma moto. Neno "utamaduni" limekwisha kuuacha mji: tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, na utamaduni aliokuwa akiukusudia ulikuwa wa watu wote, wenye mji na wasio na mji. Neno "ustaarabu" bado halijafika mbali hivyo. Tukisema jamii fulani "ina ustaarabu", msikilizaji huuliza papo hapo ni ipi isiyo nao. Neno la namna hiyo ni hukumu, na hukumu haiwezi kuwa kipimo.

Neno "taifa" nalo linatufundisha jinsi maana zinavyohama. Leo taifa ni Tanzania, Kenya au Uganda. Lakini kule Mombasa, kwa karne nyingi, wenyeji wa mji walijulikana kama Thenashara Taifa, maana yake mataifa kumi na mawili: Thelatha Taifa, ambao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa waliobaki. Mji mmoja ulikuwa na mataifa 12. Watawala wa kikoloni walipokuja kuwaandika watu hao, waliwaita makabila. Watu hawakubadilika, kilichobadilika ni daftari.

3. Mlima mmoja, jamii mbili

Sasa na turejee Mlima Meru, ambao kilele chake kina urefu wa zaidi ya mita 4,500. Katika miteremko ya kusini-mashariki wanaishi Wameru, ambao lugha yao ni ya Kibantu na ina udugu wa karibu na Kimachame cha Kilimanjaro. Katika miteremko ya kusini-magharibi wanaishi Waarusha, waliohamia hapo kutoka upande wa Arusha Chini katika karne ya 19, yapata miaka ya 1830, na ambao lugha yao ni ya Kimaa, lugha ya Wamasai.

Tukitumia neno "kabila" peke yake, ulinganishi wetu utakwisha kwa sentensi moja: Wameru ni kabila moja, Waarusha ni kabila jingine. Lakini tukivigawa vipimo vyetu, mambo mengi yatajitokeza.

Kipimo cha kwanza ni riziki. Hapa Mwarusha na Mmeru ni watu wa namna moja. Wote ni wakulima wa mlimani. Wamepanda migomba, mahindi na maharage, baadaye kahawa, na wamefuga ng'ombe wachache karibu na nyumba. Kwa kipimo hiki Mwarusha yuko mbali na ndugu yake Mmasai wa nyikani, ambaye maisha yake yameshikwa na ng'ombe na malisho.

Kipimo cha pili ni lugha na marika. Hapa Mwarusha anamwacha jirani yake Mmeru, anarudi kwa Mmasai. Vijana wa Kiarusha waliotahiriwa katika kipindi kimoja huwa rika moja lenye jina lake, kama vile Nyangusi au Seuri, na hupanda pamoja kutoka ujana wa moran hadi uzee. Hata hivyo mpaka huu nao una mlango: katika karne ya 19 Wameru waliupokea mfumo wa marika kutoka kwa Waarusha, na Waarusha wakajifunza mengi ya kilimo cha mlimani kutoka kwa jirani zao.

Kipimo cha tatu ni mamlaka. Wameru walikuwa na mtawala, Mangi, kutoka ukoo wa Kaaya. Waarusha hawakuwa na mtawala mmoja. Shauri la Mwarusha lilipelekwa mbele ya watu wa ukoo wake, au mbele ya rika lake, au mbele ya majirani zake, na kila upande ulisemewa na wasemaji waitwao malaigwanani. Laigwanani hakuamuru; alisema, akasikiliza, akatafuta mapatano. Mtaalamu P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti kwa Waarusha katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, alionyesha kwa urefu jinsi jamii hiyo ilivyotunza amani na kumaliza mashauri bila mahakimu wa jadi wenye amri.

Kipimo cha nne ni ukoo. Kwa vita na kwa ndoa watu wengi wa asili ya Kimeru waliingia Uarushani, wakapata koo, wakapata marika, wakawa Waarusha. Yule bibi wa Njiro hakuwa akituchezea maneno. Swali lake lilikuwa na historia ndefu kuliko fomu yetu.

Kwa hiyo Mwarusha ni jirani wa Mmeru kwa riziki, ndugu wa Mmasai kwa lugha na rika, na mtu wa kwao mwenyewe kwa jinsi alivyolichanganya hili na lile. Neno "kabila" linayakusanya yote hayo katika fundo moja, na aliyelifunga fundo hana haja tena ya kutazama kilichomo.

4. Neno linapoingia ofisini

Msomaji aweza kusema kuwa haya ni mabishano ya wasomi. Laiti yangekuwa hivyo. Neno likishaingia katika ofisi ya serikali huwa na nguvu ya kuhamisha watu.

Wajerumani walijenga boma lao Arusha mwaka 1900. Wao, na Waingereza baada yao, walitaka kila kabila liwe na chifu wake. Kwa Wameru walimkuta Mangi, wakamwita chifu, na neno hilo likafanana kwa kiasi na jambo lenyewe. Kwa Waarusha hawakumkuta mtu wa namna hiyo, basi wakamweka. Hivyo jamii mbili zilizotofautiana kabisa katika mamlaka zilionekana sawasawa katika taarifa za serikali, na mtu aliyezisoma taarifa hizo baadaye angeweza kudhani kuwa Waarusha walikuwa na machifu tangu zamani. Uchifu wa namna hiyo ulifutwa na serikali huru mwaka 1963, lakini neno halijafutika katika vitabu.

Jambo la pili ni la uchungu zaidi. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliunda tume ya kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi. Tume hiyo, iliyokuwa chini ya Jaji Wilson, ilipendekeza mashamba ya walowezi yaliyo kati ya Meru na Kilimanjaro yaunganishwe yawe eneo moja la Wazungu. Katikati ya eneo hilo walikuwamo Wameru wa Engare Nanyuki. Mwezi wa Novemba 1951 waliondolewa kwa nguvu. Nyumba zao zilichomwa moto, na watu wapatao 3,000 wakapoteza makao yao. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, pamoja na wakili Earle Seaton, walilifikisha shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York.

Yafaa tuangalie istilahi zilizopambana katika shauri hilo. Serikali iliigawa ardhi kwa rangi na kabila: hapa Wazungu, pale Wameru. Chama kilichosimamia madai ya Wameru hakikujiita chama cha kabila. Kilijiita chama cha raia wa Meru. Kabila huhamishwa kwa kuonyeshwa ardhi nyingine kwenye ramani. Raia ana haki mahali alipo, na aliyemwondoa hana budi kujibu. Wameru hawakushinda New York siku ile, lakini katika uteuzi wa neno walikuwa wametangulia mbele ya watawala wao.

5. Ngazi za historia

Ipo namna nyingine ya kulinganisha, isiyouliza jamii hii ni kabila gani bali imefika ngazi ipi. Mwaka 1877 Mmarekani Lewis Henry Morgan alizipanga jamii zote za dunia katika ngazi tatu, kuanzia ushenzi wa awali hadi ustaarabu. Friedrich Engels aliitumia kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1884, na kwa njia hiyo mpango wa ngazi ulifika hatimaye katika madarasa yetu ya historia na siasa kwa majina ya Kiswahili: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, ujamaa.

Istilahi hizi zimetufaa sana. Zilimwezesha mwanafunzi wa Tanzania kuizungumza historia ya dunia kwa lugha yake. Lakini ujima, kwa asili, si zama. Ni kazi ya kusaidiana, ambayo Wapare na Washambaa huiita msaragambo, na ambayo haijapitwa na wakati. Ukabaila nao umetokana na neno "kabaila", lenye asili moja na "kabila". Unafaa sana kwa mahali penye bwana wa ardhi na mkulima anayemlipa, kama ilivyokuwa nyarubanja kule Buhaya hadi ilipofutwa kwa sheria katika miaka ya 1960. Je, unafaa kwa Mlima Meru, ambako Mangi alitawala lakini kihamba kilikuwa cha mkulima na ukoo wake? Tuonavyo sisi haufai. Na kwa Waarusha, wasiokuwa na Mangi wala kabaila, haufai kabisa.

Mfano wa mifereji utalidhihirisha jambo hili. Mwaka 1957 Karl Wittfogel aliandika kwamba kilimo cha umwagiliaji mkubwa huzaa utawala wa mabavu, kwa sababu anayeyashika maji huwashika watu. Mifano yake mikuu ilikuwa Uchina na Misri ya kale. Lakini kaskazini ya Arusha, katika wilaya ya Ngorongoro, wako Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi. Uhai wao umetegemea mifereji, na maji yao yamegawanywa na baraza la wazee waitwao wenamiji; hakuna farao. Huko Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yako magofu ya mashamba ya mawe na mifereji yaliyoachwa na wenyewe kati ya karne ya 17 na ya 18, na wachimbaji wa mambo ya kale hawakukuta humo jumba la mfalme. Ni kweli kuwa mfereji wa Engaruka haulingani na mto Naili kwa ukubwa, na mtetezi wa Wittfogel atatukumbusha hilo. Hata hivyo funzo linabaki: riziki na mamlaka ni mambo mawili, na istilahi moja isiyafunge pamoja. Anayesema "ukabaila" tu amekwisha kutaja yote mawili bila kuchunguza hata moja.

6. Funzo la mahakama ya Arusha

Kuanzia mwaka 1995 hadi 2015 mji wa Arusha ulikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Umbali wake na Njiro ni mwendo mfupi wa gari. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa tarehe 2 Septemba 1998, majaji walikabiliwa na kazi ambayo sisi wa istilahi twaijua: iliwabidi wafasili maneno ya makundi ya watu. Sheria ilitaja makundi ya taifa, kabila, rangi na dini. Lakini Watutsi na Wahutu walisema lugha moja, wakafuata mila na dini zilezile, wakaishi vilima vilevile. Kwa fasili ya kawaida, inayopima kabila kwa lugha na utamaduni, hawakuwa makabila mawili.

Hata hivyo kila Mnyarwanda alikuwa na kitambulisho, kilichoanzishwa na Wabelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ndani yake palikuwa na neno "ubwoko". Katika Kinyarwanda neno hilo lilikuwa likitaja ukoo, na koo nyingi zilikuwa na Watutsi, Wahutu na Watwa pamoja. Katika kitambulisho likaja kutaja Umutsi au Uhutu. Mwaka 1994 watu waliuawa kwenye vizuizi vya barabarani kwa kusomwa neno lililojazwa mbele ya ubwoko. Majaji waliamua kuwa Watutsi walikuwa kundi linalolindwa na sheria, kwa kuwa serikali na watu wenyewe walikuwa wamewafanya kuwa kundi la kudumu.

Hatudai kwamba neno liliua. Walioua ni watu, na waliohukumiwa ni watu. Lakini safu ile katika karatasi ilikuwa imeifanya kazi yao iwe nyepesi. Tangu tulipolitafakari jambo hili, hatujaweza tena kuiona fomu yetu ya Njiro kuwa karatasi tu.

7. Mapendekezo

Kwa sababu hizo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Kabila. Litumike kwa maana ya jina ambalo watu hujiita au wameitwa katika wakati unaotajwa, na wakati huo utajwe. Lisitumike kama kipimo cha lugha, riziki na mamlaka kwa pamoja.

(b) Rika na daraja. Waandishi wengi huyachanganya. Rika liwe kundi la watu waliotahiriwa katika kipindi kimoja, kama Seuri. Daraja liwe ngazi wanayoipitia, kama umorani au uzee. Rika ni wasafiri, daraja ni kituo: wasafiri hupita, kituo hubaki.

(c) Ukoo na mlango. Ukoo liwe kundi kubwa la watu wanaojihesabu kuwa na asili moja. Mlango liwe tawi lake.

(d) Majina ya wenye mamlaka. Mangi, mtemi, mwami, laigwanani na mwenamiji yaandikwe kama yalivyo na kufafanuliwa. Neno "chifu" libakizwe kwa ofisi iliyowekwa na serikali ya kikoloni.

(e) Ujima na ukabaila. Ujima libaki na maana yake ya kazi ya kusaidiana; zama ziitwe "mfumo wa ujima". Ukabaila litumike pale tu panapothibitika kuwa na mwenye ardhi na mkulima anayemlipa.

(f) Ustaarabu na utamaduni. Utamaduni litajwe kwa kila jamii. Ustaarabu libaki kuwa sifa ya tabia ya mtu, wala lisiwe cheo cha jamii.

8. Hitimisho

Huenda msomaji akaona kuwa tumeyaongeza maneno badala ya kuyapunguza. Ni kweli. Mizani yenye jiwe moja hupima haraka, lakini hukosea. Kiswahili hakina upungufu wa maneno haya. Rika, daraja, ukoo, mlango, baraza na raia yalikuwamo tangu zamani. Kinachotupungukia ni subira ya kuliweka kila moja mahali pake.

Fomu yetu sasa ina safu za lugha, ukoo, rika na riziki, na mwisho wake ipo nafasi iliyo wazi inayouliza: "Wewe mwenyewe wajiitaje?" Tuliporudi Njiro tulimsomea yule bibi safu hizo mpya. Alizisikiliza zote, akasema kwamba sasa twaweza kuandika, na akaanza na ukoo wa mama yake.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa historia na wale wanaojua lugha za Kimeru, Kimaa na Kisonjo, watuletee maoni na masahihisho yao kabla istilahi hizi hazijafikishwa mbele ya kamati.